Nyongeza Iliyotia Maji Asali ya Mabamba

Ninyi mliobaki kwenye nyumba ya asali mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, ili anayekuja nyuma yangu asianze kwa kupapasa. Haya, nimekaa. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Muyama, kwa hiyo mkikuta herufi imelala upande, iacheni ilale, imechoka kama mimi. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitagusa. Anayeyataka hayo akaulize ofisini, kama atajibiwa. Mimi nitasema mizani, ndoo, maji ya ndani ya asali, na mjukuu wangu Editha, aliyeingiza kazi yetu kwenye kioo cha simu. Bila Editha tungekuwa bado tunaandika kwa chaki ukutani. Bila Editha pia balaa la Mabamba lisingetokea. Yote mawili ni yake, na yote mawili najivunia, mtaona kwa nini.

Nilipoanza, nyumba yenyewe ilikuwa banda la matofali ya kuchoma nje kidogo ya Kibondo, sakafu inanata hata ukiipiga maji ya moto. Mpimaji wa kwanza alikuwa Mzee Yohana, mfupi, nguo zake zinanuka moshi wa mizinga hata siku ya Jumapili. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mbuzi wa mnadani.

"Umeolewa?"

"Niliolewa, nikafiwa."

"Basi macho yako hayana kazi nyingine. Piga magoti."

Nilidhani tunasali. Nikapiga magoti, nikafumba macho kabisa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alichotaka ni macho yangu yafike usawa wa sindano ya mizani, ile ya saa inayoning'inia kwenye boriti. Ukiisoma ukiwa umesimama, alisema, inakudanganya huku. Ukiisoma ukiwa umechuchumaa, inakudanganya kule. "Sindano haijui uongo. Shingo yako ndiyo inayojua." Nimepiga magoti mbele ya sindano ile miaka yangu yote ya kazi, na nawaambia wazi, Mungu ameniona kwenye magoti mara chache kuliko mizani.

Jambo la pili alilonifundisha ni nyongeza. Mnaijua sokoni: mwenye maharage akishajaza kopo anakuongezea konzi juu, na asiyeongeza hana mteja wala jirani. Kwetu nyongeza ilikuwa na sababu yake. Asali ikimiminwa kutoka ndoo ya mfugaji kwenda kwenye ndoo ya mizani, kabla haijapimwa, nyingine hubaki imeng'ang'ania chujio, na ile ya kwenye chujio mfugaji haendi nayo nyumbani, inabaki kwetu. Kwa hiyo sindano ikisimama katikati, tulikuwa tunaipandisha mpaka nusu kilo inayofuata. Ikisoma kumi na nane na kidogo, tunaandika kumi na nane na nusu. Ikisoma kumi na nane na nusu na kidogo, tunaandika kumi na tisa. Hatukuwahi kuteremsha. Yohana alisema mpimaji anayeteremsha atakuja kupimwa yeye. Alishakufa, na mkono wake wa kupandisha ulibaki kwenye mkono wangu.

Jambo la tatu ni maji. Kila asali ina maji yake ya asili. Nyuki huyapunguza kwa mabawa, na akiridhika hulifunika sega kwa nta. Anayekata sega kabla halijafunikwa anavuna uji. Asali ya maji mengi huchacha: povu linapanda, kifuniko kinavimba, ndoo inanuna kama mtoto aliyenyimwa. Mnunuzi wetu alitaka maji yawe chini ya ishirini katika kila mia. Ishirini yenyewe hakuitaka. Ishirini ilirudi nyumbani, ikauzwa kwa wapika wanzuki, ile pombe ya asali, ambao hawajawahi kukataa kitu.

Kupima maji tulikuwa na kichungulio, bomba dogo lenye kioo. Unadondosha tone, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unaona mstari unaotenganisha bluu na nyeupe umesimama kwenye namba. Mstari ukikaa chini ya ishirini, ndoo inaingia. Hatukuwa na maneno mengi. Baadaye afisa nyuki wa wilaya, mtu wa Tanga mwenye subira, akatuletea kipimo cha betri kinachotoa namba yenye nukta, akatufundisha kuchukua matone matatu kila ndoo, juu, katikati na chini, kwa sababu maji ya asali hayakai mahali pamoja. Kazi hiyo akapewa Rehema, mke wa mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, mwenye mkono usiotetemeka. Mimi nikabaki na mizani. Yeye chumba cha ndani, mimi mlangoni.

Sasa nimtaje Konsolata. Baba yake alikuja kutoka Burundi siku nyingi, Konsolata akazaliwa upande huu, uraia wanao, kadi ya kura wanayo. Aliongoza akina mama wafugaji nyuki wa Mabamba, kule mpakani. Mizinga yao wameitundika juu ya bonde, na ukungu wa bonde lile hauondoki mpaka jua liwe limekasirika. Asali yao ni nyeupe, tamu ya kutisha, na siku zote ilitembea ukingoni: kumi na tisa na kitu. Yohana alikuwa akichungulia na kusema, "Hii imeogelea lakini haikuzama." Ikaingia kila msimu.

Konsolata akifika hasalimii kama watu wa ofisini. Anasimama mlangoni, ndoo kichwani, anapaza sauti: "Amahoro, bibi! Bado hujafa?"

"Nakungoja tufuatane."

"Tangulia, mimi nina nyuki wa kulisha."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na msimu iliponyamaza nilijua kuna kitu kimekufa kweli.

Editha ni binti wa mwanangu. Alisomea mambo ya kompyuta, akapanga chumba Kasulu, anatengenezea watu kurasa za mtandao: maduka, shule, kanisa moja lisilolipa. Sisi huku bibi na mjukuu tunataniana, kwa hiyo namwita mke mwenzangu, kwa sababu ya babu yake tuliyegawana, mimi nikapata mume na yeye akapata masikio. Mwenyekiti wetu, Ezekieli, alimwomba atutengenezee ukurasa: mpimaji aingize uzito, Rehema aingize matone, na mfugaji popote alipo afungue simu aone ndoo yake imesoma nini. Ezekieli aliutaka ukurasa ule kama watu wanavyotaka bati jipya. Alitaka uonekane kutoka barabarani.

Siku ya kuujaribu, Editha alikaa kwenye gunia langu, kompyuta mapajani. Tulikuwa na makopo mawili ya mfano. La kwanza kilo moja nukta moja, la pili kilo mbili nukta mbili. Mtoto wa darasa la nne anajua jumla ni tatu nukta tatu. Ukurasa ukaandika tatu nukta tatu, halafu ukaendelea, sufuri, sufuri, sufuri, msafara wa sufuri, na mwisho kabisa tatu nyingine imening'inia peke yake.

Nikamwuliza, "Hiyo tatu ya mwisho ni ya nani?"

"Si ya mtu, Bibi."

"Kwenye mizani yangu hakuna kitu kisicho cha mtu."

Akanieleza, na alieleza vizuri, ndiyo maana nimekumbuka. Mashine haihesabu kwa kumi kama sisi wenye vidole kumi. Inahesabu kwa namna yake, na baadhi ya namba zetu zenye nukta hazienei kwake sawasawa, hubaki kamkia. Kamkia ni kadogo kuliko harufu ya asali kwenye kidole. Lakini ukikaacha, watu wataona mashine imerukwa na akili.

"Basi kata."

"Kukata kuna namna nyingi, mke mwenzangu," akaniambia, na siku hiyo yeye ndiye aliyeniita hivyo, kaniibia utani wangu. Akanionyesha. Kuna amri ambayo jina lake la Kizungu maana yake ni dari, inapandisha namba mpaka juu. Kuna inayoitwa sakafu, inateremsha. Ya tatu inaipeleka namba kwa jirani aliye karibu zaidi, awe juu au chini. Na ipo inayoipunguza kwa macho tu, lakini hiyo ina hila: ikishapita, namba si namba tena, imekuwa maandishi. Kweli alijaribu kujumlisha mbili za namna hiyo, tatu nukta tatu na moja nukta mbili, mashine ikazibandika pamoja kama vibua kwenye fungu: 3.31.2. Rehema alicheka akasema hiyo ni namba ya gari.

"Ninyi hapa mnakataje?" Editha akauliza.

Nikamwambia ukweli wa kazi. Sisi hatukati, tunapandisha mpaka nusu inayofuata. Mpe mfugaji. Akaandika mstari mmoja mfupi, akaupa jina, nyongeza, kwa herufi za kizungu lakini neno letu. Akaingiza kumi na nane nukta mbili, ikatoka kumi na nane na nusu, safi, haina mkia. Niliona mkono wa Yohana umeingia kwenye simu. Sitawaficha, nilijisikia mkubwa. Nikampikia ugali wa muhogo na dagaa, akarudi Kasulu.

Msimu uliofuata, asali ya Mabamba ikaanza kurudi.

Ndoo ya kwanza ilirudi, Konsolata akasema labda walivuna mapema. Ya pili ikarudi. Ikarudi ya mwanamke ambaye hajawahi kukata sega bichi maishani mwake. Kwenye ukurasa, ndoo iliyopita inawaka kijani, isiyopita inawaka nyekundu, na akina mama wa Mabamba wakifungua simu zao kule mpakani, wakibahatika kupata mtandao, ni nyekundu tupu. Za Kasulu kijani. Za Muyama kijani. Na kwa kuwa ukurasa unasomwa na kila mwenye simu, haikuchukua muda maneno yakaanza kutembea. Wanatia maji. Wamezoea kutia maji. Wale si watu wa kwetu, wana mambo yao. Mwanamume mmoja alisema hayo mbele ya mizani yangu, nikamwambia ndoo yako imejaa mabawa ya nyuki, ichuje kwanza ndipo uchuje watu.

Konsolata alikuja mwenyewe. Hakuniuliza kama nimekufa. Aliweka ndoo chini, akangoja Rehema atoe matone matatu, akasikia ukurasa ukilia ule mlio wake wa kukataa.

Ezekieli alikuwepo. Akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Mama, tuseme ukweli tu. Maji yametoka wapi?"

"Mana yanje, Mungu wangu! Unaniuliza mimi? Uliza hiyo simu."

"Simu haina ugomvi na mtu. Mashine haina kabila."

"Haina kabila," Konsolata akasema, "lakini ina mwalimu. Nani aliifundisha?"

Mimi nilikuwa najua mwalimu ni nani, ni mjukuu wangu, na nilijua mjukuu wangu hana chuki na mtu wa Mabamba, kwa hiyo swali nililiona la hasira tu. Nikalipita.

Ezekieli akatamka kwamba mkutano wa mwisho wa msimu ndio utakaoamua. Kundi linalotia maji kwenye asali linatolewa kwenye nyumba, ndivyo tulivyokubaliana tangu zamani, na hakuna aliyekwisha tolewa akarudishwa. Mjue maana yake. Nyumba ya asali kwetu si duka la kuuzia tu. Akina mama wale walipohesabiwa kuwa wa nyumba hii ndipo watu wa Kibondo walipoacha kuwauliza wanarudi kwao lini.

Konsolata akainamia ndoo yake. Nilidhani anaibeba. Akaisukuma kwa mguu mpaka chini ya rafu, ukutani, karibu na kiti changu.

"Inakaa hapa," akasema. "Haifunguliwi. Asali yenye maji inachacha, si ndiyo? Siku ya mkutano tuangalie kifuniko. Kikivimba, tutaondoka wenyewe, msihangaike kutufukuza. Bibi, wewe ndiye shahidi."

"Mimi ni mpimaji," nikamwambia.

"Basi pima." Akaondoka na kata yake ya kichwani mkononi, haina ndoo.

Nikakaa na ndoo ile. Kazini mtu anapata marafiki wa ajabu. Mimi nilipata ndoo. Asubuhi nikifungua mlango naitazama kwanza yenyewe kabla ya mizani. Joto lilikuja, lile la kabla ya mvua, linalofanya hata asali nzuri ya mtu mzembe inung'unike. Naweka kiganja juu ya kifuniko, bapa. Rehema akaanza na yeye kuweka kiganja. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na ndoo nyingine iliyorudishwa, ya mzee mmoja aliyevuna uji kweli, nayo ilinuna, ikavimba, siku moja kifuniko kikaruka kikagonga bati, Rehema akapiga kelele nyumba nzima. Ya Konsolata, kimya. Kama imelala.

Nikampigia Editha Kasulu. Sikumwambia ukurasa wake una kosa, sikujua kama una kosa. Nilimwambia tu, "Mke mwenzangu, huku kuna ndoo ambayo ukurasa wako unasema imekufa, nami nimeishika, haijafa."

"Imesoma ngapi?"

"Ishirini."

"Na nyingine za Mabamba?"

Nikamwuliza Rehema. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

"Ishirini na ngapi?"

"Hakuna na ngapi. Ishirini kamili."

Akavuta pumzi, nikaisikia. "Bibi, mtu anayetia maji kwa kikombe gizani hawezi kupata ishirini kamili kila ndoo. Atapata ishirini na mbili, ishirini na tano. Hata mkemia hawezi. Nakuja."

Alifika amejaa vumbi jekundu mpaka kope, hakutaka hata chai. Akamwambia Rehema achukue kipimo, wafungue ndoo nyingine ya Mabamba iliyokuwa inangoja, si ile ya kiapo cha Konsolata. Matone matatu. Kumi na tisa nukta tano. Kumi na tisa nukta sita. Kumi na tisa nukta nane. Rehema akaziingiza moja moja kama anavyofanya siku zote, akatoa mkono, ukurasa ukalia: ishirini, nyekundu.

"Wewe huwa unaziona hizi namba tatu?" Editha akamwuliza.

"Naziona."

"Hukushangaa?"

"Nilijua ndiyo wastani," Rehema akasema. "Mimi wastani niliuacha shuleni."

Wastani wake, Editha akatuonyesha kwenye karatasi, ni kumi na tisa nukta sita na tatu tatu zisizoisha. Chini ya ishirini. Inaingia. Halafu akafungua maelekezo aliyoiandikia mashine, akateremsha kwa kidole, akasimama. Nikamwona masikio yanabadilika rangi, yale aliyorithi kwa babu yake.

"Bibi," akasema. "Nyongeza."

Ule mstari mmoja mfupi. Aliuandika kwa ajili ya kilo, halafu, kwa kuwa wenye kazi hiyo hawapendi kuandika kitu kimoja mara mbili, akauweka kila mahali penye nukta, hata kwenye maji. Kwenye uzito, kupandisha mpaka nusu inayofuata ni kumpa mfugaji. Kwenye maji, kupandisha mpaka nusu inayofuata ni kumtilia maji. Asali ya Kasulu yenye kumi na saba na kidogo ikipanda inakuwa kumi na saba na nusu, haidhuriki. Asali ya Muyama vivyo hivyo. Ni ile tu inayotembea ukingoni, iliyopita kumi na tisa na nusu lakini haijagusa ishirini, ndiyo iliyosukumwa ikaanguka. Na ukingoni kwetu wanakaa Mabamba peke yao.

Nikamwambia, "Mimi uliniuliza mizani, nikakujibu mizani. Maji hukuniuliza."

"Sikukuuliza," akasema. "Sikujua kama kuna kuuliza."

Rehema akasema, "Rekebisha kimyakimya basi, nani atajua?" Hakusema kwa ubaya. Ukurasa ulikuwa wa Editha, na jina lake kule Kasulu ndilo linalomlisha. Tengenezo dogo, rangi zinageuka kijani, watu wanasema kumbe asali ya Mabamba imepona. Ezekieli angefurahi. Lakini yale maneno yaliyotembea yasingerudi nyumbani. Wangesema wameogopa, wameacha kutia maji. Editha alimtazama Rehema, akaitazama ndoo ya kiapo chini ya rafu, akafunga kompyuta.

Siku ya mkutano watu walijaa mpaka nje, wa Kasulu mbele kama kawaida yao. Akina mama wa Mabamba walisimama nyuma pamoja, vitenge vimefungwa kifuani kama watu waliokuja kusomewa hukumu. Ezekieli akafungua kwa sala, akaanza kuzunguka na maneno, nidhamu, jina la nyumba, mnunuzi. Konsolata hakumngoja amalize. Akapita katikati, akaivuta ndoo yake kutoka ukutani mpaka mbele, akaniangalia.

"Shahidi."

Nikasimama. Nikaweka kiganja. "Bapa," nikasema. Nikafungua. Hakuna povu. Harufu ikatoka, ile ya maua ya bonde, hata wa nje wakainua pua. Nikachovya kijiti, nikakiinua, uzi wa asali ukashuka mpaka chini haukukatika.

Ezekieli akakohoa. "Sasa mashine..."

"Mashine ina mwalimu," Editha akasema, akainuka pale alipokuwa amekaa na wageni. Hakuwa amemsikia Konsolata akisema neno hilo, mimi nilimsimulia. "Mwalimu wake ni mimi. Asali haina kosa. Kosa ni la mstari niliouandika." Akaeleza dari na sakafu, nyongeza na maji, kwa maneno mepesi, mbele ya watu waliomlipa na watakaomlipa, na hakutaja kwamba nyongeza aliisikia kwangu. Nilingoja aitaje. Hakuitaja. Nikainuka nikaitaja mwenyewe, maana mimi si mtu wa kufichwa nyuma ya mtoto.

Mwanamume wa ndoo ya mabawa akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo nyekundu zote zile zilikuwa za uongo?"

"Za Mabamba, ndiyo," Editha akasema. "Yako ya mwaka huu ilikuwa ya kweli."

Watu wakacheka vibaya. Ezekieli, nimpe haki yake, alivua kofia, akawaendea akina mama kule nyuma, akasema pole mmoja mmoja, kwa majina. Sio wote waliompa mkono.

Editha akaurekebisha ukurasa palepale, watu wanamtazama. Ninyi mnaoingia kazini shikeni hili, hata kama mnashika sindano tu. Uzito unapandishwa, kwa sababu ya chujio. Maji hayapandishwi wala hayateremshwi. Mashine inahukumu kwa namba nzima na mkia wake wote, na ikishahukumu ndipo inafupisha, nukta moja, kwa ajili ya macho ya watu. Kuhukumu kwanza, kufupisha baadaye. Yeye alisema ndivyo vitabu vyao vinavyosema, na kwamba alikuwa amevisoma vitabu hivyo, ila hakuwahi kukutana na ndoo.

Akamwuliza Konsolata kama kumi na tisa nukta sita inamtosha.

"Hapana," Konsolata akasema. "Mimi niwekee mkia wote."

"Mama, ni mrefu, hautaenea kwenye simu."

"Usienee. Nataka waone mpaka mwisho hakuna maji."

Editha akauweka. Mpaka leo fungueni muone: ndoo za kila mtu zina nukta moja safi, za Mabamba zina mkia wote, tatu tatu tatu au sita sita sita, mpaka ukingo wa kioo. Wageni wanadhani ukurasa umeharibika. Msiurekebishe.

Mimi nimeondoka msimu uliopita, magoti yamekataa. Siku yangu ya mwisho hamkunifanyia sherehe kubwa, na vizuri, sipendi keki. Jioni, kabla sijafunga, nikasikia mlangoni:

"Amahoro, bibi! Bado hujafa?"

"Nimestaafu. Ni karibu na hapo."

Konsolata akatundika ndoo mwenyewe kwenye ndoano. Sindano ikacheza, ikatulia: ishirini na tatu na vistari viwili vidogo. Kinywa changu kikafunguka chenyewe kusema "na nusu", kama kilivyofanya siku zote, kama Yohana alivyokifundisha.

Akaninyooshea kidole. "Iache hapo hapo. Nyongeza yenu nimeshaionja."

Nikashika boriti, nikapiga magoti polepole, macho yakafika usawa wa sindano.

"Ishirini na tatu," nikasoma, "nukta mbili."

"Haya," akasema Konsolata, akanipa mkono niinuke.